Kingamwili zinazobeba sumu katika saratani ya matiti: mwongozo kwa anayezichanganya na kuzitundika

Trastuzumabu ya kawaida (kingamwili isiyobeba sumu), Kadcyla na Enhertu zote zimejengwa juu ya kingamwili ileile. Ndani ya kichupa, Kadcyla na Enhertu ni unga mkavu mweupe au unaokaribia weupe, na ukishayeyuka hakuna jicho linaloweza kusema hii ni ipi. Lakini moja huchanganywa kwa maji ya chumvi tu na nyingine kwa dekstrosi (maji ya sukari) tu. Moja huhangaisha ini na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), nyingine huweza kuua kwa njia ya mapafu. Karibu kila kosa baya katika eneo hili huanza pale mtu anapodhani kwamba kingamwili ikiwa moja basi dawa ni moja. Kwa hiyo katika kila hatua iliyo hapa chini jiulize kwanza: dawa hii imebeba mzigo gani?

Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi, mfamasia na daktari wa wadi ya saratani. Mgonjwa anayetaka kujua anachotundikiwa naye anaweza kuusoma. Kipeperushi kilichomo kwenye boksi la dawa na utaratibu wa hospitali yako ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

Dawa hizi zimeundwaje

Kila moja ina sehemu tatu. Kuna kingamwili inayotafuta kipokezi fulani juu ya seli ya saratani, kuna mzigo ambao ni sumu kali ya seli, na kuna kiunganishi kinachoshikilia viwili hivyo. Kingamwili ikishanasa kwenye kipokezi, seli huimeza yote, kisha mzigo huachiwa humo ndani.

Kadcyla (trastuzumabu emtansini) iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Hutafuta kipokezi cha HER2 na hubeba wastani wa molekuli 3 hadi 4 za DM1, sumu inayovuruga nyuzi ambazo seli huzitegemea wakati wa kugawanyika. Kiunganishi chake hakikatiki, na mzigo ukishaachiwa ndani ya seli hautoki kwa urahisi kwenda kwa jirani.

Enhertu (trastuzumabu deruksitekani) iliidhinishwa Desemba 2019. Nayo hutafuta HER2, ila hubeba molekuli 8 za sumu inayozuia topoisomerasi I, kimeng'enya ambacho seli hukihitaji kunakili DNA yake. Kiunganishi chake hukatwa na vimeng'enya vya seli, na sumu iliyoachiwa hupenya utando na kuua seli za jirani hata zile zenye HER2 kidogo. Hapo ndipo penye siri ya kufanya kazi kwenye uvimbe ambao zamani uliandikwa "HER2 hasi".

Trodelvy (sasituzumabu govitekani), ya mwaka 2020, hutafuta kipokezi kingine, Trop-2, na hubeba SN-38, ile sumu ambayo mwili huitengeneza mtu anapopewa irinotekani, dawa ya kemo. Kiunganishi chake huachia mzigo taratibu hata nje ya seli, kwa hiyo kuharisha na kushuka kwa chembe nyeupe si jambo la kushangaza. Datroway (datopotamabu deruksitekani), iliyoidhinishwa Januari 2025, hufuata Trop-2 pia, lakini mzigo wake ni wa aina ileile ya Enhertu, molekuli 4 kwa kila kingamwili.

Hatua ya 1: Soma jibu la patholojia mwenyewe

Usitosheke na neno "chanya" au "hasi" lililoandikwa kwenye fomu ya rufaa. Tafuta namba. Kipimo cha rangi kwenye tishu hutoa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ maana yake zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani zimepata rangi nzito inayozunguka utando wote. Hiyo ni HER2 chanya. 2+ haijaamua kitu: lazima kipimo cha jeni kifuate. Jeni zikionekana kuongezeka, ni chanya. Zisipoongezeka, mgonjwa anaingia kundi la "HER2 kidogo" pamoja na wale wa 1+.

Kundi hilo lina uzito tangu Agosti 2022, Enhertu ilipokubaliwa kwa ajili yake saratani ikiwa imesambaa, baada ya utafiti wa DESTINY-Breast04. Januari 2025 ikaongezwa sehemu ya waliokuwa 0 lakini wenye rangi hafifu kwenye seli chache, kwa saratani yenye vipokezi vya homoni. Kadcyla haina nafasi katika makundi haya mawili. Inahitaji HER2 chanya kamili. Trodelvy na Datroway hazidai kipimo cha Trop-2.

Jibu la uongo mara nyingi huzaliwa kabla sampuli haijafika maabara. Kipande cha nyama kinapaswa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa ndani ya saa 1 tangu kukatwa, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini huanza kuharibika na 1+ husomwa 0. Jambo jingine ni kwamba HER2 hubadilika: uvimbe wa awali ulioandikwa 0 unaweza kuwa 1+ kwenye ini miaka mitatu baadaye. Kama saratani imerudi na pahali pake panafikika kwa sindano, chukua kipande kipya.

Hatua ya 2: Jina, mara mbili, kwa sauti

Marekani waliongeza silabi mbele ya majina, "ado-" kwa Kadcyla na "fam-" kwa Enhertu, kwa sababu moja tu: watu walikuwa wanaweza kuzichanganya na trastuzumabu ya kawaida. Trastuzumabu ya kawaida kila wiki 3 hupewa miligramu 6 kwa kilo baada ya dozi ya kwanza ya 8. Kadcyla ni 3.6. Mgonjwa aliyepewa Kadcyla kwa miligramu 6 kwa kilo kimakosa alifariki takriban wiki 3 baadaye, na kisa hicho kimeandikwa kwenye maelezo rasmi ya dawa.

Kwenye fomu ya dawa andika jina kamili la dawa pamoja na jina la kibiashara. Usitumie vifupisho. Kwenye kompyuta, orodha inayoanza kwa herufi "trast" ni mtego. Mfamasia na muuguzi wasome kichupa wote wawili, kila mmoja kwa macho yake, wala mmoja asiitikie tu alichosema mwenzake. Vivyo hivyo Trodelvy haibadilishwi na irinotekani, wala irinotekani nayo.

Hatua ya 3: Vipimo kabla ya dozi

Kwa Kadcyla na Enhertu, pima nguvu ya moyo kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Kwenye Enhertu, msukumo wa moyo (asilimia ya damu inayotolewa kwa kila pigo) ukishuka chini ya asilimia 40, au ukipungua zaidi ya pointi 20 kutoka ule wa mwanzo, simamisha na rudia eko ndani ya wiki 3. Ukithibitika, dawa imekwisha kwa mgonjwa huyo.

Hesabu ya damu hufanywa kabla ya kila dozi, na vipimo vya ini havikwepeki kwenye Kadcyla. Hapa ndipo wengi huponzwa na haraka: damu hutolewa asubuhi, dawa huchanganywa kabla jibu halijarudi, na kichupa cha gharama kubwa huishia kwenye pipa la taka. Subiri jibu.

Viwango vya kukumbuka ni hivi. Kadcyla: chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, ahirisha mpaka zifike 75,000, zikishuka chini ya 25,000, dozi inayofuata ipunguzwe. Trodelvy: nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) zisipungue 1,500 siku ya 1 na 1,000 siku ya 8. Enhertu: nyutrofili chini ya 1,000, ahirisha, chini ya 500, ahirisha kisha punguza.

Kwa Enhertu na Datroway, picha ya CT ya kifua kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na kipimo cha oksijeni cha kidoleni akiwa ametulia. Bila picha ya mwanzo, kivuli kitakachoonekana mwezi wa nne hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho. Mwenye historia ya kovu la mapafu au uvimbe wa mapafu usio wa saratani uliohitaji steroidi, zungumza na daktari wa kifua kwanza.

Kwa Datroway ongeza uchunguzi wa macho. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kipimo cha mimba kabla ya dawa yoyote kati ya hizi.

Hatua ya 4: Hesabu

Mpime uzito siku hiyohiyo au mwanzoni mwa kila mzunguko. Usinakili uzito wa mwezi uliopita. Mgonjwa mwenye maji tumboni anaweza kupoteza kilo nyingi baada ya kutolewa maji, na dozi hubadilika naye.

Tuchukue mgonjwa wa kilo 62.

Enhertu ni miligramu 5.4 kwa kilo kila siku 21: miligramu 334.8. Kichupa cha miligramu 100 huyeyushwa kwa mililita 5 za maji safi ya sindano, kupata miligramu 20 kwa mililita. Utavuta mililita 16.7 na kuhitaji vichupa 4.

Kadcyla ni 3.6 kwa kilo kila siku 21: miligramu 223.2. Kichupa cha 100 huwekwa mililita 5 na cha 160 mililita 8, vyote hutoa 20 kwa mililita. Utavuta mililita 11.2, kichupa kimoja cha kila aina kinatosha.

Trodelvy ni miligramu 10 kwa kilo, siku ya 1 na ya 8 ya mzunguko wa siku 21: miligramu 620. Hii huyeyushwa kwa maji ya chumvi 0.9%, si maji ya sindano: mililita 20 kwa kila kichupa, kupata 10 kwa mililita. Vuta mililita 62. Mkusanyiko wa mwisho mfukoni uwe kati ya miligramu 1.1 na 3.4 kwa mililita. Ukifanya jumla iwe mililita 250 utapata karibu 2.5, ambayo ni sawa. Kwenye mfuko wa 100 ungefika zaidi ya 6, na hilo halikubaliki. Jumla isizidi mililita 500.

Datroway ni 6 kwa kilo kila siku 21, na haizidi miligramu 540 hata mgonjwa akiwa na kilo zaidi ya 90.

Hatua ya 5: Kuchanganya

Fanya kazi ndani ya kabati la usalama, ukiwa na glavu na gauni, kama unavyofanya kwa dawa nyingine za kemo. Kwa kuwa jina lina kingamwili ndani yake, wapo wanaoichukulia kama dawa laini. Mzigo wake ni sumu ya seli na mabaki yake ni taka za kemo.

Elekeza maji kwenye ukuta wa kichupa, si moja kwa moja juu ya unga. Zungusha kichupa polepole. Usitikise. Protini ikitikiswa hutoa povu na kuganda katika chembe ndogo ambazo zitaziba chujio au kuingia kwa mgonjwa. Trodelvy huchukua hadi dakika 15 kuyeyuka, na ndiyo inayowafanya watu wakose subira.

Sasa maji ya mfuko. Kadcyla: maji ya chumvi 0.9%, mililita 250, kamwe si dekstrosi, kwa sababu dekstrosi huifanya protini igandamane. Enhertu: dekstrosi 5%, mililita 100, kamwe si maji ya chumvi. Trodelvy: maji ya chumvi tu. Datroway: dekstrosi 5% tu. Sheria hiyo inashika hadi kwenye kusafisha mpira wa dripu kabla na baada. Muuguzi anayesukuma mililita 20 za chumvi mwishoni mwa Enhertu kwa mazoea amevunja kanuni ileile mfamasia aliyoitunza.

Kimiminika cha kichupani cha Enhertu hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa saa 24 na kikingwe mwanga. Mfuko uliokwisha kuchanganywa hukaa saa 24 kwenye friji, au saa 4 kwenye joto la chumba, na saa hizo 4 zinajumlisha uchanganyaji na muda wa dripu yenyewe. Usigandishe. Mfuko ukitoka kwenye friji, uache ufikie joto la chumba, kisha ufunike usipigwe mwanga.

Hatua ya 6: Kutundika

Kadcyla na Enhertu hupita kwenye chujio la mikroni 0.2 au 0.22 lililofungwa kwenye mpira. Chujio likikosekana, dawa isubiri. Dozi ya kwanza ya zote mbili ni dakika 90. Ikivumiliwa, zinazofuata ni dakika 30. Baada ya dozi ya kwanza ya Kadcyla mwangalie mgonjwa dakika 90 nyingine, baadaye dakika 30. Trodelvy ya kwanza ni saa 3, zinazofuata saa 1 hadi 2, na uangalizi wa angalau dakika 30 baada ya kila moja. Hakuna kati ya hizi inayosukumwa kwa bomba la sindano moja kwa moja kwenye mshipa.

Homa, baridi, kubanwa kifua au kuwasha: punguza kasi au simamisha, tibu, kisha amua. Kadcyla ikivuja nje ya mshipa hufanya ngozi kuwa nyekundu na kuuma, na imewahi kuua ngozi ya mahali pale. Angalia tundu la sindano kila baada ya dakika chache.

Hatua ya 7: Tumbo

Enhertu hutapisha kuliko wengi wanavyotarajia, na kichefuchefu chake huendelea siku kadhaa baada ya mgonjwa kufika nyumbani. Mpe dawa za kuzuia kabla ya dripu: deksamethasoni pamoja na ondansetroni au jamaa yake, na ya tatu kama aprepitanti au olanzapini. Mpe pia za kutumia nyumbani. Mgonjwa anayetapika vibaya mzunguko wa kwanza hukata tamaa na dawa ambayo ingemsaidia. Kadcyla haisumbui kiasi hicho.

Trodelvy ina kuharisha kwa aina mbili na matibabu yake hayafanani. Kunakoanza wakati wa dripu au muda mfupi baadaye, kukiandamana na jasho, mate mengi na tumbo kusokota, hutulizwa kwa atropini. Kunakokuja siku kadhaa baadaye huhitaji kwanza kuhakikisha si maambukizi, kisha loperamaidi miligramu 4, halafu 2 kila anapoharisha, isizidi 16 kwa siku. Mgonjwa awe nayo mkononi kabla ya kuondoka, na aambiwe kwamba homa ya nyuzi 38 si ya kusubiri asubuhi. Wenye nakala mbili za jeni ya UGT1A1*28 huvunja SN-38 polepole, hivyo chembe nyeupe zao hushuka zaidi.

Datroway huumiza kinywa na macho: suuza kinywa kwa dawa yenye steroidi mara 4 kwa siku tangu mzunguko wa kwanza, machozi ya bandia mara 4 kwa siku, na lenzi za machoni ziachwe.

Hatua ya 8: Kikohozi kwenye Enhertu

Hapa usipite haraka. Uvimbe wa tishu za mapafu (si wa saratani) hutokea kwa takriban asilimia 12 ya wanaotumia dozi ya 5.4, na huua karibu mmoja katika kila mia. Haupo kwenye wiki za kwanza peke yake. Mara nyingi hujitokeza karibu mwezi wa tano, na unaweza kuja hata baada ya mwaka. Hatari yenyewe iko kwenye jinsi unavyoanza: kikohozi kikavu, pumzi kukatika kwenye ngazi, homa ndogo. Mgonjwa hukiita mafua, mhudumu humpa antibayotiki, na dozi inayofuata hutundikwa.

Kwa hiyo kila ziara uliza maswali yaleyale: unakohoa? ngazi ulizopanda mwezi uliopita bila shida, leo zinakuchosha? Pima oksijeni. Rudia CT ya kifua kila wiki 6 hadi 12 hata asipolalamika.

Ukishuku, simamisha dawa siku hiyohiyo. Piga CT, tafuta maambukizi, mwite daktari wa kifua, wala usingoje majibu yote ndipo uanze steroidi kwa mwenye dalili. Kisha:

- Picha ina kivuli lakini mgonjwa hana dalili yoyote: ahirisha, fikiria prednisoloni miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku. Kikiisha kabisa ndani ya siku 28, rudi na dozi ileile. Kikichukua zaidi ya siku 28, rudi na dozi iliyopunguzwa.
- Ana dalili, hata kama ni kikohozi tu: Enhertu imekwisha, hairudiwi tena. Prednisoloni angalau miligramu 1 kwa kilo kwa siku kwa siku 14 au zaidi, kisha ishushwe polepole kwa wiki 4 au zaidi.
- Anahitaji oksijeni au amelazwa: methiliprednisoloni miligramu 500 hadi 1,000 kila siku kwenye mshipa kwa siku 3, kisha prednisoloni.

Wanaoshusha steroidi kwa wiki moja kwa sababu mgonjwa "amepata nafuu" huwaona wakirudi wakiwa wabaya zaidi.

Kupunguza dozi na kuchelewa

Enhertu hushuka kutoka 5.4 hadi 4.4, kisha 3.2, baada ya hapo inaachwa. Kadcyla: 3.6, 3.0, 2.4, basi. Trodelvy: 10, 7.5, 5, basi. Dozi iliyoshushwa haipandishwi tena hata vipimo vikipendeza. Dozi ya Enhertu au Kadcyla iliyokosekana hupewa mapema iwezekanavyo, bila kusubiri tarehe ya mzunguko unaofuata, na wiki 3 zihesabiwe upya kuanzia hapo. Kadcyla inapotolewa baada ya upasuaji kwa sababu uvimbe ulibaki, mpango ni mizunguko 14.

Kwenye Kadcyla, vimeng'enya vya ini vikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida huku bilirubini imezidi mara 2, acha kabisa. Ini likianza kujaa vinundu na shinikizo la mshipa wake kupanda bila saratani ya ini kuelezea, acha pia.

Mwanamke ajikinge na mimba kwa miezi 7 baada ya dozi ya mwisho ya Kadcyla au Enhertu, na miezi 6 baada ya Trodelvy. Mwanamume anayetumia Kadcyla au Enhertu ajikinge miezi 4, na Trodelvy miezi 3. Kunyonyesha kusubiri miezi 7 kwa Kadcyla na Enhertu, na mwezi 1 kwa Trodelvy. Tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, pamoja na jina kamili la dawa, kwa kuwa mhudumu atakayempokea usiku akiwa anakohoa hatajua pa kuanzia bila jina hilo.